Mchanga wa Nyumba ya Kilembe

Dada yangu alipopata kiwanja Bwera, hakuniuliza kwanza habari za vyumba wala za mabati. Aliuliza, "Nyumba yote itakula mchanga kiasi gani?"

Nilifurahi. Katika miaka yote niliyofanya kazi ya ujenzi hapa Kasese, ni watu wachache mno walioanza na swali hilo. Wengi huuliza matofali mangapi, kisha saruji mifuko mingapi, na mchanga huwa kitu cha kuokotwa njiani. Sikujua kwamba yeye alikuwa na mchanga wake tayari, na kwamba alichotaka kujua ni kama utatosha.

Sisi wawili tulizaliwa kambini. Baba alikuwa askari aliyeletwa Kasese kutoka kaskazini, na lugha yetu ya kwanza ya kugombana ilikuwa Kiswahili. Mama alipofariki, dada ndiye aliyenipikia na kunipiga, kwa kadiri nilivyostahili. Baadaye aliolewa na Mkonzo mmoja aliyefanya kazi katika mgodi wa Kilembe, mtu mpole, mrefu, aliyekuwa akiinama kabla ya kuingia mlango wowote, hata ule usiomfikia kichwani. Waliishi karibu na mto, katika nyumba waliyoijenga wenyewe kidogo kidogo.

Mto Nyamwamba uliichukua nyumba ile mchana wa mvua. Kila mtu wa Kilembe anajua sauti ya mawe makubwa yanapobingirika ndani ya maji, kwa hiyo walikimbia mapema. Shemeji yangu alirudi kumfungulia mbuzi aliyekuwa amefungwa jikoni. Jioni mbuzi alionekana juu mlimani, anakula majani. Yeye hakuonekana. Maji yalipopungua, nyumba ilibaki na ukuta mmoja na sakafu, na juu ya sakafu mchanga uliofika kiunoni.

Watu walimtafuta kwa majembe na miti mirefu, kutoka pale mpaka bondeni mto unapotanuka. Walipokata tamaa, ukoo wake ulifanya kinachofanywa mwili usipopatikana. Walikata mgomba, wakaufunga shuka, wakauzika kwenye shamba lao juu ya mlima, nyuma ya Bwera. Dada hakwenda. "Mimi sikuolewa na mgomba," alisema, na neno hilo alilisema mbele ya mama mkwe wake. Tangu siku hiyo wale wanawake wawili walizungumza habari za chumvi na maji tu, ingawa walikuwa wakiishi pamoja katika chumba cha kupanga na hakuna aliyekuwa na mtu mwingine wa kumtunza.

Sasa dada alikuwa amekwenda Kilembe na karai lake, akauchimba mchanga ule uliojaa ndani ya nyumba yake, akautia katika magunia ya posho, yale ya unga wa mahindi. Majirani walidhani anauza. Mimi nilidhani anabana matumizi. Nilikodi lori dogo, tukayapakia magunia, tukashuka nayo.

Tuliposimama Kikorongo, pale barabara ya Bwera inapoachana na barabara kuu, mwanamke anayeuza ndizi za kuchoma alichungulia nyuma ya lori.

"Magunia ya nini hayo? Mahindi?"

"Mchanga," dereva alimjibu.

"Mchanga! Mnapeleka mchanga Bwera? Mto wa kule umekauka?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nabeba tu. Wiki ijayo watanibebesha maji niyapeleke ziwani."

Walicheka wote, mpaka makondakta wa mabasi wakaja kusikiliza. Dada alinunua ndizi mbili, akazishika mkononi mpaka Bwera, hakuzila.

Namna yangu ya kukadiria mota ni hii. Napima urefu wa kuta zote, nazidisha kwa kimo, natoa milango na madirisha. Baada ya hapo siangalii tena bloku, yale matofali ya saruji; naangalia nafasi zilizo kati ya bloku, kwa maana mota, yaani saruji na mchanga uliokorogwa kwa maji, hukaa pale tu. Bloku la inchi sita lenye kingo zilizonyooka halili sana: mfuko mmoja wa saruji na mchanga mara tano yake hujenga kama mita nane za mraba. Matofali yetu ya kuchoma, ambayo kila moja limetoka tanuruni na umbo lake, hula maradufu na zaidi. Watu hufikiri kwamba karai moja la saruji na makarai matano ya mchanga ni makarai sita ya mota. Sivyo. Saruji huingia katika nafasi za chembe za mchanga, maji yakazikalisha chembe karibu karibu, na mwisho unabaki na makarai matano au pungufu. Mchanga mbichi nao hudanganya. Ukiwa na unyevu huvimba, na karai unaloliona limejaa, robo yake inaweza kuwa hewa.

Haya sikufundishwa na mtu. Shule niliiacha mapema. Niliyapata katika vitabu vilivyochakaa, kisha nikayapima tena mwenyewe, kwa sababu vitabu viliandikiwa mchanga wa nchi nyingine. Na kanuni niliyoipata mwenyewe ni kwamba makadirio yote ni bure kama hujaujua mchanga wenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kumjibu dada, nilichukua chupa mbili. Moja niliitia mchanga wake, nyingine mchanga wa Lhubiriha, mto wa pale Bwera, ambao lori lilikuwa limetumwagia kiwanjani. Nilijaza maji, nikatikisa, nikaziacha juu ya bloku zitulie. Asubuhi chupa ya Lhubiriha ilikuwa na mchanga chini, na juu yake utando wa tope mwembamba kama ukucha. Chupa ya Kilembe ilikuwa na tope laini, la kijivu, linalokaribia robo ya mchanga wote. Nilisugua mchanga ule kiganjani. Ulinipaka rangi, na ukaacha vipande vyembamba vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Vipande hivyo huteleza kimoja juu ya kingine. Tope nalo huivika kila chembe nguo, saruji ikaja kushika nguo badala ya kushika chembe.

Nilimwambia dada bila kuzunguka. "Mchanga huu haujengi ukuta."

"Ulijenga mlima," alisema. "Utashindwa ukuta?"

"Tunaweza kuuosha. Utapungua, lakini kinachobaki tukikichanganya na wa Lhubiriha, kitafaa."

Hakukataa. Nilichukua pipa lililokatwa nusu, nikatia mchanga na maji, nikakoroga kwa beleshi, nikainamisha pipa maji ya kijivu yatoke. Nilikuwa nimemwaga mara moja, na nilikuwa nikiinamisha mara ya pili, nilipoona mkono wake umeshika ukingo wa pipa.

"Unamwaga nini?"

"Tope."

"Tope la wapi?"

"La Kilembe, dada. Tope tu."

"Usimwage."

Niliacha. Alisimama akiyatazama maji yale yaliyokuwa yamekimbilia mtaroni. Kisha akasema polepole, kama mtu anayenieleza njia ya kwenda mahali, "Wale walitafuta na majembe. Walitafuta kitu kikubwa. Sasa wewe niambie. Mtu akikaa ndani ya maji na mawe kama yale, siku zote zile, atabaki mkubwa?"

Ndipo nilipoelewa kwa nini aliuchimba mwenyewe, na kwa nini hakuruhusu mtu kukalia magunia njiani. Nilisema nililolijua. "Ukuta hautashika."

"Kushika, kushika," alisema. "Afande wa mchanga. Kila kitu kwako ni kushika."

Nilimshauri tuutumie mchanga huo kujenga benchi la nje, pembeni ya mlango, mahali ambapo hapabebi uzito. Atakaa hapo jioni. Akasema, "Tutaona." Ningepaswa kukumbuka kwamba baba yetu alisema "tutaona" kila alipokuwa amekwisha kukataa.

Fundi tuliyemweka alitoka ng'ambo ya mpaka, Kongo, mtu wa makamo kama mimi, mwenye mkono mwepesi na mdomo usiopumzika. Nilimwonyesha vipimo vyangu. Alikubali kwa heshima, huku akiniambia kwamba kwao watu hupima kwa macho na nyumba zimesimama. Nilimwachia amri moja kubwa kuliko zote, kwamba magunia ya dada yasiguswe. Kisha nikarudi Kasese, ambako nilikuwa na ukuta wa kuzuia mmomonyoko usioweza kuningoja.

Niliporudi Bwera, kuta zilikuwa zimefika juu ya madirisha. Mbao zilikuwa zimekwisha kupigwa juu kuzunguka nyumba yote, na nondo zimelazwa ndani yake, tayari kwa lenta, ule mkanda wa zege unaozifunga kuta zote pamoja kabla ya paa. Zege lingemwagwa kesho yake. Kwa mbali nyumba ilikuwa nzuri. Kuta zilikuwa wima. Niliweka timazi, sikupata kosa. Fundi alinifuata akitabasamu.

Mimi hutembea na msumari wa inchi nne. Si chombo cha kitabuni, lakini huniambia haraka. Nilipita nikikwaruza mota ya ukuta wa mbele, ikatoa alama nyeupe na sauti kavu. Ukuta wa pembeni vilevile. Nilipofika nyuma, kwenye ukuta wa chumba kilichotengwa kwa mama mkwe wa dada, kwa sababu ni kimya na kiko mbali na barabara, msumari uliingia. Niliuzungusha, mota ikamwagika kama unga wa mahindi. Iling'aa juani. Niliujua mng'ao ule.

"Muzee," fundi aliita, "unatoboa ukuta yangu?"

"Mota hii umekoroga na mchanga gani?"

Alitazama pembeni. "Ile ya mama, dada yako."

"Nilikwambia usiguswe."

"Uliniambia, iko kweli. Na mama naye aliniambia. Lakini wewe ulikuwa Kasese, mama alikuwa hapa na fimbo."

"Fimbo gani?"

"Ulimi yake, muzee. Ile iko fimbo." Hakucheka sana. "Alisema ukuta moja tu, ukuta ya huyu muzee mwanamuke. Basi nikakoroga. Nikaona haikamate, nikaongeza sima, ile saruji yenu. Haikamate, nikaongeza maji. Ile muchanga inakula sima kama mutu amealikwa harusi. Nilijua iko mubaya. Nilijua."

"Namba yangu unayo."

"Mambo ya mutu na dada yake, mi naingiaka namna gani?"

Sikuweza kumkasirikia sana. Maji aliyoongeza yalikuwa yameharibu zaidi, kwa maana tope hunywa maji mengi, kisha likikauka hunywea na kuacha nyufa. Nilihesabu kichwani uzito wa zege litakalowekwa juu, na wa paa, na wa upepo unaoshuka kutoka milimani wakati wa mvua. Mara nyingi hesabu hunituliza. Ile haikunituliza. Kila upande nilioigeuzia, ilinirudisha kwenye kitanda ambacho kingewekwa chini ya ukuta ule.

Dada alikuwa nyuma ya kibanda cha vifaa akichambua maharage. Mama mkwe alikaa karibu naye juu ya gunia, ameshika kamba ya mbuzi. Mbuzi yule yule wa Kilembe. Mama huyo alikuwa ameshuka kutoka kwake mlimani baada ya msiba kwa sababu miguu yake haiwezi tena kupanda na kushuka kila siku, na kwa sababu nyumba ya mwanawe ni nyumba yake. Kiswahili chake ni cha sokoni, alichokipata akiuza vitunguu mpakani.

Nilikaa. "Dada, ukuta wa nyuma ubomolewe leo."

Hakuinua macho. "Ukuta unasimama. Nimeuona."

"Unasimama kwa sababu hakuna kitu kilichoupanda. Kesho tukimwaga zege juu yake, uzito wote utakaa juu ya unga."

"Mvua ilinyesha. Haukuanguka."

"Mvua ile ilikuwa ya kulaza vumbi."

"Basi upande ule nitalala mimi. Ukianguka, uniangukie mimi."

"Kile ni chumba cha mama."

Aliendelea kuchambua, lakini sasa alikuwa akitupa maharage mazima pamoja na mabovu. Mama mkwe alivuta kamba ya mbuzi.

"Nini iko ndani ya ukuta?" aliuliza.

Dada alizidi kutupa maharage.

"Nauliza. Mimi ndiyo nitalala pale. Nini iko ndani?"

Dada alimweleza kwa Lhukonzo, lugha anayoisema vizuri kuliko mimi. Nilifuata ya kutosha: Kilembe, jikoni, mchanga, karai. Alieleza kwa maneno machache, uso ameuelekeza kwenye maharage. Nilitazamia mwanamke yule mzee alie, au amtukane mkwewe kwa miaka yote ya kimya. Alinigeukia mimi.

"Wewe fundi. Iko yeye mule?"

"Sijui, mama."

"Wewe unapima kila kitu. Chupa, kamba, msumari. Nimekuona."

"Hiyo sina cha kuipimia."

Alitikisa kichwa, si kwa kunilaumu. Kama mtu aliyeuliza bei dukani akaambiwa bidhaa haipo. Akampa dada kamba ya mbuzi, akajiinua kwa fimbo yake, akaenda mpaka kwenye ukuta. Tulimfuata. Aliweka kiganja juu ya bloku, akakishusha mpaka kwenye ufa wa mota, akagusa. Chembe zilishuka juu ya vidole vyake. Hakuzipangusa. Nami nikaona kwamba hata yeye aliyeufunga mgomba ule shuka kwa mikono yake hakuwa na hakika nao.

Kisha akasema, kwa Kiswahili, ili sote tusikie, fundi pia: "Hii ikiangukia mimi, watu watasema kijana yangu aliua mama yake. Hapana. Sitaki asemewe hivyo. Alikuwa mtoto mzuri."

Dada alimtazama. Nadhani ni mara ya kwanza kwa miaka kwamba alimtazama machoni. Kamba ya mbuzi ilimtoka mkononi na hakuna aliyejali mbuzi aendako.

"Mama, mimi nilitaka tu awe ndani ya nyumba," alisema.

"Najua."

"Hakupata kukaa ndani ya hii."

"Najua. Mimi nilizaa yeye, sijui?"

Dada alipanda juu ya mbao za fundi, akiwa na kanga yake ya jikoni. Nilimwambia ashuke, tutafanya sisi. Hakunisikia, au hakutaka. Aliisukuma kando ile mbao ya lenta, ambayo fundi alikuwa ameilegeza aliposikia maneno yetu, akashika bloku la juu kabisa kwa mikono miwili, akalivuta. Mota nzuri haikubali hivyo. Ungehitaji nyundo na patasi, na bloku lingevunjika kabla halijaachana na mwenzake. Bloku lile lilinyanyuka kama mfuniko wa sufuria. Aliligeuza akalitazama chini. Lilikuwa safi, kama siku lilipotoka kwenye kalibu. Hapakuwa na hata alama iliyoganda. Alipitisha kiganja, vumbi likatoka lote.

Alikaa na bloku lile mapajani, juu kule, kama mtu aliyepakata mtoto. Fundi alivua kofia yake.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nipe. Iko nzito."

Akampa.

Tuliubomoa kwa mikono, kozi baada ya kozi, mstari kwa mstari, na hatukuvunja bloku hata moja. Kwa fundi wa kawaida hilo lingekuwa jambo la kujivunia. Kila bloku tulilikwangua kwa mwiko juu ya turubai, kwa sababu dada alisema hakuna kitakachomwagika chini. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba kifusi kama kile kinafaa kujazwa chini ya sakafu ya sebule, ambako hakina madhara. Ni kweli kinafaa. Sikumwambia. Sikuona nani angeweza kutembea juu ya sakafu ile.

Rundo lilipokuwa tayari, mama mkwe aliuliza kwa Lhukonzo swali fupi, na dada akajibu kwa neno moja. Akajaza karai lake, akalifanyia kata ya nguo, akajitwisha. Nilimwambia mimi na fundi tutabeba, akasema hapana. Wanawake wa jirani, ambao tangu asubuhi walikuwa wakituangalia tukibomoa ukuta mpya na kunong'ona kwamba fundi amekula saruji, walipoona dada anaelekea njia ya mlimani, kwenye lile shamba ulikozikwa mgomba, na mama mkwe mbele yake na fimbo, waliacha kunong'ona. Mmoja alileta beseni. Kisha mwingine. Hawakuuliza, nadhani mwendo wa wale wawili uliwaambia. Walijaza kutoka kwenye turubai, halafu kutoka kwenye magunia yaliyobaki, wakafuata. Mama mkwe, ambaye miguu yake haipandi mlima, alipanda.

Mimi sikwenda. Najiuliza mara kwa mara kwa nini. Nilijiambia kwamba lenta inangoja, kwamba mawingu yanajikusanya upande wa Kongo, kwamba mchanga wa Lhubiriha haujachekechwa. Yote yalikuwa kweli. Fundi naye alibaki, tukachekecha. Mara moja tu alisema, "Kwetu pia tunazikaka mugomba," akaendelea kutikisa chekecheke.

Nilikuwa nikitazama mtaro. Pale nilipoinamisha pipa siku ile palikuwa pameota majani. Mtaro ule hushuka mpaka mtoni, na mto hushuka mpaka ng'ambo. Nilichomwaga kilikuwa tope. Nililiona kwenye chupa, naweza kusema unene wake. Zaidi ya hapo sijui, na siipendi hali hiyo. Nimezoea kwamba nisichokijua leo nitakipima kesho.

Waliposhuka jua lilikuwa limeegemea. Walikuja mmoja mmoja, mabeseni yakining'inia mikononi, wakaenda makwao. Mama mkwe alikuja mwisho, amemshika dada bega. Sikuuliza walichofanya huko juu. Miguu ya dada ilikuwa na udongo mwekundu wa shamba, na uso wake ulikuwa umechoka tu, kama uso wa mtu aliyetoka kulima.

Aliyachukua magunia ya posho yaliyobaki matupu, akayakung'uta, akanipa. "Haya utafunika nayo ukuta. Si unasema mota inataka unyevu?"

"Ndiyo. Siku saba, kumwagilia asubuhi na jioni."

"Nitamwagilia."

Kisha akachota maji kwenye pipa, akayatia katika karai lake, akalisugua kwa mkono ndani, chini na pembeni. Maji yakawa ya kijivu. Alilishika karai limeinama kidogo, maji yamefika ukingoni, hayajamwagika, akanitazama.

"Na hii?"

"Sijui, dada."

Aliyatazama tena. Halafu akatembea nayo mpaka kwenye msingi wa chumba cha nyuma, pale ukuta ulipokuwa na utakapokuwa tena, akayamwaga polepole chini, ardhini, akasimama mpaka ardhi ilipoyanywa yote. Akalisuuza karai mara nyingine kwa maji safi, akalipangusa kwa kanga, akaja akaliweka kando ya mfuko wa saruji.

"Pima," alisema.

Nikapima. Karai moja la saruji, matano ya mchanga, yaliyosawazishwa kwa ubao. Fundi akaanza kugeuza kwa beleshi.